Anwani Isiyotolewa na Mtu

Ndugu zangu, habari za mchana. Walioniita hapa walinipa nusu saa na swali moja: mtu anawezaje kuziunganisha kompyuta zake zilizotawanyika huku na kule, zikaongea kwa siri, bila kumtegemea bwana mkubwa wa kati anayeshika kila uzi? Nitajibu, kwa programu mbili ziitwazo Yggdrasil na cjdns. Ila nawaonya mapema kwamba sitakaa sana kwenye usimbaji fiche. Hesabu za usimbaji wameshazipiga waliotuzidi akili, na ukiiacha programu ilivyo zinafanya kazi bila wewe kugusa kitu. Yanayotuangusha ni mengine, na yote yanaanzia kwenye anwani.

Kwenye intaneti tuliyoizoea, anwani unapewa. Kampuni ya mtandao inakukodisha namba, kesho inakupa nyingine, na mara nyingi hata hiyo si yako peke yako. Mko wengi nyuma ya ruta moja, mnachangia. Sababu yake inajulikana. Anwani za IPv4, aina ya zamani, zina biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), kwa hiyo zote kwa jumla ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Tangu hapo tunabanana. Kompyuta iliyojificha nyuma ya ruta ya namna hiyo inaweza kutoka kwenda kuwatembelea wengine, lakini yenyewe haitembeleki. Anayebisha hodi anaishia kwa ruta, na ruta haijui mgeni huyu ni wa nani.

Programu ninazozizungumzia leo ni Yggdrasil na kaka yake mkubwa, cjdns. Hizi hakuna anayekupa anwani. Unaizalisha mwenyewe, hapo ulipo, hata kebo ikiwa imechomolewa. Programu inabahatisha namba kubwa, ndiyo ufunguo wa siri, kutoka humo inapata ufunguo wa umma, ule unaoonyeshwa watu, wa biti 256, na kutoka kwenye ufunguo huo inakokotoa anwani yako ya IPv6, aina mpya ya anwani. cjdns, aliyoianzisha Caleb James DeLisle, inaupitisha ufunguo wa umma kwenye kanuni ya kusaga data iitwayo SHA-512 mara mbili na kuchukua baiti 16 za mwanzo. Zisipoanza na fc, ufunguo unatupwa, unajaribiwa mwingine. Kwa wastani zinatupwa funguo 255 kabla ya kupatikana mmoja unaofaa, na kompyuta yako wala haitokwi jasho.

Yggdrasil haitupi kitu. Inahesabu sifuri zilizotangulia kwenye ufunguo wako, inaiandika hesabu hiyo mwanzoni mwa anwani, kisha nafasi iliyobaki inaijaza kwa biti zinazofuata. Ndiyo maana karibu nusu ya wanaoisakinisha kwa mara ya kwanza wanaona anwani yao inaanza na 200, robo yao inaanza na 201, na kuendelea hivyo. Ukikutana na mwenye 21c, yaani sifuri nyingi mno mwanzoni, usidhani ana bahati. Huyo aliiacha kompyuta ikisaga funguo. Wala si mapambo. Anwani ina biti 128 na ufunguo una 256, kwa hiyo ufunguo hauenei wote. Sifuri zikifupishwa kuwa hesabu, sehemu kubwa zaidi ya ufunguo inaingia ndani ya anwani, na anayetaka kutengeneza ufunguo bandia wenye anwani kama yako anapata kazi ngumu zaidi.

Sasa tulieni hapa kidogo, maana hiki ndicho kiini cha yote nitakayosema. Kama anwani inatoka kwenye ufunguo, basi mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye anwani. Basi. Hakuna karatasi, hakuna ofisi, hakuna mtu wa kumpigia simu. Ukihama nyumba unahama nayo. Ukibadili kampuni ya mtandao inabaki ile ile. Ukiupoteza ufunguo, anwani imekwenda na hairudi. Na wakiushika wawili, mtandao hauna namna ya kujua nani halali.

Hilo la mwisho nilikuwa nalijua kwa mdomo kwa muda mrefu kabla sijalijua kwa ngozi. Nilikuwa na kompyuta moja ndogo niliyoipanga vizuri sana, kila kitu mahali pake. Nikahitaji ya pili. Nikasema, kwa nini nirudie kazi? Nikainakili diski yote kama ilivyo, nikaipachika kwenye mashine mpya, nikaiwasha nyumba nyingine, nikaenda kulala nimeridhika.

Kesho yake naingia kwa SSH, programu ya kuiendesha mashine kutoka mbali. Naandika amri, napata jibu. Baada ya dakika chache mstari unaganda. Naingia tena, vizuri tu, natafuta faili niliyoiandika muda mfupi uliopita: haipo. Nikadhani nimeota. Naiandika upya. Mstari unaganda. Naingia: faili la kwanza lipo, la pili halipo! Kwa kawaida SSH yenyewe ingenipigia kelele kwamba mashine imebadilika, lakini kumbukeni nilinakili diski yote, na ufunguo wa SSH nao ukanakiliwa. Jina la mashine ni lile lile, nywila ni ile ile, hata ujumbe wa kukaribisha ni ule ule. Nilikuja kuamka nilipoandika uptime, ikaniambia mashine imewaka siku 41. Mstari ukaganda, nikaingia tena, nikaandika uptime, ikaniambia siku moja. Nilikuwa naongea na pacha wawili wanaopokezana simu.

Dawa yake ilichukua dakika moja: kwenye mashine ya pili nikatengeneza mipangilio mipya yenye ufunguo wake. Ila tangu siku hiyo, kabla sijanakili diski yoyote, kitu cha kwanza nafuta faili la mipangilio ya Yggdrasil. Ufunguo mmoja, mashine moja.

Na faili hilo lenyewe mlitazame kwa macho ya mtu anayetazama hati ya kiwanja. Ukiandika yggdrasil -genconf inakutolea maandishi marefu kidogo, na humo ndani upo mstari wa PrivateKey. Faili lisomwe na msimamizi wa mashine peke yake; amri ya chmod 600 inatosha. Nakala yake uiweke mahali penye usimbaji, nje ya mashine hiyo, kwa sababu diski zinakufa. Kuna kosa jingine ambalo nimeliona mara nyingi mno: mtu amekwama, anaomba msaada, na kwa wema wa moyo anabandika faili zima mbele ya kadamnasi ili asaidiwe haraka. Anasaidiwa kweli, ila anwani yake sasa ina wenyewe wengi. Namwona mmoja pale nyuma anacheka, nadhani tunafahamiana.

Haya, tumepata anwani. Majirani je?

Mtandao wa aina hii wengine wanauita wa meshi, na mfano wake ni wavu wa kuvulia. Kila fundo limefungwa kwa mafundo ya jirani tu, lakini ukivuta kona moja, kona ya mbali inahisi. Tofauti na njia nyingine ni kubwa. Chukueni WireGuard, programu nyingine ya kuunganisha mashine kwa siri, ambayo naipenda na naitumia. Pale kila mashine unaiandikia kwa mkono funguo za wenzake. Mashine 10, zote zikijuana moja kwa moja, ni viungo 45. Mashine 30 ni viungo 435. Ukiongeza ya 31 unapita kwa zote 30 kuitambulisha, kama bwana harusi. Kwenye Yggdrasil unaitambulisha kwa jirani mmoja au wawili, basi. Njia ya kuwafikia wengine inatafutwa na mtandao wenyewe. Nodi, yaani mashine zilizomo, zinajipanga kama mti, mzizi wake ukichaguliwa kwa kulinganisha funguo, na kila nodi inajua mahali pake kwenye matawi. Mti ukikatika tawi, unajipanga upya bila kuitisha kikao.

Kwenye chumba kimoja huhitaji hata kumtambulisha mtu. Programu inatuma mwito mdogo kwenye mtandao wa ndani, kwa anwani ya ff02::114 mlango (port) wa 9001, na iliyousikia inajibu. Waleteni wawili wenye kompyuta hapa mbele, wawashe Yggdrasil kwenye Wi-Fi moja, halafu mmoja aandike yggdrasilctl getPeers. Atamwona mwenzake pale, bila kumwambia lolote. Wasipoonana, kwanza tazameni kama ukuta wa moto wa mashine, ule unaochuja mawasiliano, umezuia mawasiliano ya UDP kwenye mlango huo wa 9001, halafu tazameni kama ruta ya Wi-Fi imewatenganisha wateja wake wasionane. Ruta nyingi za wageni zimewekwa hivyo makusudi. Mimi nimepoteza jioni nzima nikishuku programu, kumbe ni kitufe kimoja ndani ya ruta.

Na utamu wake ni huu. Chomoa kebo ya intaneti. Hao wawili wataendelea kuongea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa anwani zile zile. Ukirudisha kebo, anwani hazijabadilika.

Ukitaka kumfikia aliye mbali, unaandika kwenye sehemu ya Peers anwani ya nodi inayokubali wageni, ikianza na njia ya usafiri: tls au tcp au quic. Kiungo kikishafunguka kutoka kwako, mawasiliano yanapita pande zote mbili, kwa hiyo kompyuta iliyojificha nyuma ya ruta sasa inatembeleka. Hapa ndipo wengi wanapofanya tamaa. Wanachukua orodha ya nodi za hadhara, wanabandika ishirini, wakidhani wingi ni kasi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Chagua mbili au tatu, zilizo karibu nawe kwa muda wa safari. Nimewahi kuona mashine mbili za mji mmoja, kila moja imeunganishwa na nodi ya bara jingine, pakiti, yaani kipande cha ujumbe, inavuka bahari kwenda na kuvuka bahari kurudi ili imsalimie jirani wa mtaa wa pili. Halafu mwenyewe analalamika kwamba usimbaji unachelewesha! Zaidi ya hayo, ukijifunga kwa wengi unakuwa njia panda: pakiti za watu zinaanza kupita kwako, na bando ni lako.

cjdns ina desturi tofauti kidogo. Ili ujiunge kupitia mtu, anakupa nywila na ufunguo wake wa umma, na wewe unaviandika kwenye faili lako. Yaani unaingia kwa kujulikana. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naona kuna adabu ndani yake, ingawa siku hizi natumia Yggdrasil zaidi kwa sababu ni nyepesi kumfundisha mgeni.

Swali ambalo huulizwa kila mara: hao wanaopitisha pakiti zangu, wanazisoma? Hawazisomi. Usimbaji ni wa mwisho kwa mwisho, kutoka mashine yako hadi ile unayoongea nayo, na aliye katikati anabeba mzigo uliofungwa. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa watu wanajidanganya. Kufungwa kwa mzigo si kufichwa kwa mbebaji. Jirani uliyejiunga naye moja kwa moja anaijua anwani yako halisi ya intaneti, hawezi kukosa kuijua, ndiyo anayopokelea. Na anwani yako ya Yggdrasil haibadiliki, kwa hiyo kila unakokwenda unakwenda na jina lako. Anayetaka kutojulikana aende Tor, mtandao wa kuficha mtumaji. Huku tunataka kinyume chake kabisa: tunataka kujulikana kwa uhakika, na wale tunaowataka.

Hapo ndipo tunafika kwenye milango, na hapa naomba nisikimbizwe hata kama saa inakwenda.

Ile ruta ya nyumbani tuliyoilaumu mwanzoni kwa kutuzuilia wageni ilikuwa inatulinda bila sisi kujua. Siku unayowasha Yggdrasil na kujiunga na mtandao wa hadhara, umepata mlango wa pili ambao ruta haiuoni. Kila kitu kilichokuwa kinasikiliza kwenye anwani zote za IPv6 za mashine yako sasa kinasikika na kila mtu aliye kwenye mtandao ule.

Andikeni ss -tlnp. Msitazame mistari yote, tafuteni ile yenye mabano ya mraba na nukta pacha mbili ndani yake, au nyota mahali pa anwani, kwa mfano [::]:22 au *:8080. Maana yake: huduma hii inasikiliza kwenye kila anwani ya IPv6 ya mashine hii, ya leo na itakayozaliwa kesho. Ya 22 ni SSH, labda mnaijua. Ya 8080 ni nini? Mara ya kwanza nilipoiona kwangu sikujua. Ilikuwa ukurasa wa majaribio niliouwasha miezi mitatu nyuma, hauna nywila, unaonyesha yaliyomo kwenye hifadhidata yangu nzima. Nilikuwa naamini uko ndani ya nyumba. Ulikuwa umekaa barazani.

Sasa ndani ya faili la mipangilio kuna sehemu inaitwa AllowedPublicKeys, na jina lake linalaghai. Mtu anaisoma, anaweka funguo za rafiki zake watatu, anapumua. Sehemu hiyo inaamua ni nani anaweza kuanzisha ujirani wa moja kwa moja na wewe. Haiamui ni nani anaweza kubisha mlango wa 8080 akitokea upande wa pili wa mti kupitia kwa jirani yako. Waandishi wa programu wenyewe wameweka onyo kwa herufi kubwa kwamba huu si ukuta wa moto. Watu hawasomi herufi kubwa.

Ukuta wa moto unauweka wewe, kwa programu ya nftables au chochote ulichozoea, kwenye kile kiolesura cha tun, kadi ya mtandao ya kubuni, ambacho Yggdrasil imekiunda. Ruhusu majibu ya mazungumzo uliyoyaanza wewe. Ruhusu ICMPv6, ujumbe ambao mtandao unajiendeshea, usije ukaiziba halafu ukashangaa mambo yanagoma. Funga yaliyobaki. Kisha fungua moja moja, kwa anwani.

Na neno hilo, kwa anwani, lina uzito huku kuliko kwenye intaneti ya kawaida. Kwenye intaneti ya kawaida, kuandika sheria kwamba anwani fulani iruhusiwe kuingia SSH ni ulinzi mwepesi. Kesho namba ile ina mtu mwingine, au kuna mtu anaighushi. Huku anwani imetoka kwenye ufunguo, na pakiti isiyolingana na ufunguo wa aliyeituma inatupwa kabla haijakufikia. Kwa hiyo mstari mmoja wa ukuta wa moto unaosema anwani hii ipite, kwa kweli unasema: mwenye ufunguo huu apite, akiwa nyumbani, akiwa safarini, akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli. Nilipolielewa hili niliona aibu kwa miaka niliyokuwa naandika sheria za namba za kukodi.

Ila lina upande wa pili. Laptopu ikiibiwa, mwizi ameiba na jina. Hakuna kituo kikuu cha kutangaza kwamba anwani ile imekufa. Unapita mwenyewe kwenye kila mashine uliyoiruhusu, unafuta ule mstari. Sasa kama hukumbuki uliiruhusu wapi, utajuta, maana mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nina faili moja tu la kawaida: anwani, ni ya mashine gani, ya nani, imeruhusiwa wapi. Faili hilo hilo ndilo linalonipa na majina, kwa sababu mtandao huu hauna huduma ya majina iliyojengwa ndani yake. Nalichuja kuwa mistari ya /etc/hosts, faili la mashine linalounganisha majina na anwani, na maisha yanaendelea.

Vidogo vidogo viwili kabla sijakaa. Kama ping, jaribio la kuona mashine inajibu, inapita, SSH inafunguka, lakini faili kubwa inakwama palepale kila mara, shuku ukubwa wa pakiti. Shusha IfMTU, mstari wa ukubwa huo kwenye mipangilio, hadi 1280, ambao ndio ukubwa wa chini IPv6 inaouruhusu, ujaribu tena. Na kwa vifaa visivyoweza kubeba programu, kama printa, kila nodi inapata pia fungu la anwani zinazoanzia kwenye 300, unaweza kuligawa kwa vilivyo nyuma yake. Kwa printa hizo, ukuta wa moto ni ule ule na kilio ni kile kile.

Nimeleta kompyuta mbili, ziko pale mezani, zimewashwa na zinaonana. Njooni mchomoe kebo, muandike ss -tlnp, mjaribu kuingia 8080 muone inavyokataa. Faili la mipangilio nimeliacha wazi kwenye skrini mlisome mtakavyo. Ule mstari wa PrivateKey nimeubandikia karatasi, na naomba isibanduliwe.